Saa Chache Natta

Mgeni anayeshuka treni Samarkand, kule Uzbekistan, hahitaji mtu wa kumwonyesha cha kutazama. Atafika uwanja wa Registan na kukuta madrasa tatu zimeuzunguka, matofali na vigae vya buluu kutoka chini hadi juu: ya Ulugh Beg iliyokamilika mwaka 1420, na mbili za karne ya 17. Akitoka hapo ataenda kuona kaburi la Timur. Kwa saa tatu au nne atakuwa ameona karne kadhaa, amepiga picha, amekunywa chai, na jioni treni inamrudisha Tashkent. Miji ya aina hiyo huwahurumia watu wenye haraka. Historia yake ina kuta, ina tiketi, ina saa za kufungua na kufunga.

Natta, pembezoni mwa Hifadhi ya Serengeti, haina kuta hizo. Ukishuka kwenye gari pale kijijini Mbiso utaona barabara, maduka ya bati, mashine ya kusaga, vijana wa bodaboda waliojibanza kivulini na akina mama wenye nyanya na dagaa kwenye meza za mbao. Dereva wa watalii anayetoka Mwanza kwenda lango la Ikoma hupunguza mwendo kwa ajili ya matuta na ng'ombe, basi. Ameahidi simba, na simba yuko mbele.

Nadhani dereva huyo anawapunja abiria wake. Anayeingia Serengeti bila kushuka Natta ataona nyasi na wanyama na kuamini kwamba ndivyo palivyokuwa tangu dunia iumbwe. Asubuhi moja hapa, ikitumiwa vizuri, inatosha kuibomoa imani hiyo. Ila ni lazima ujue unatafuta nini, maana hakuna kibao kitakachokuambia.

Anza na barabara yenyewe, kwa kuwa tayari uko juu yake. Inatoka Makutano, kwenye lami kuu ya Mwanza, Musoma na Sirari, inapita jirani na Butiama alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, inaingia Ikizu hadi Sanzate, kisha Natta, kisha Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Katika mipango ya serikali jina lake ni refu zaidi: Makutano, Natta, Mugumu, Loliondo, hadi Mto wa Mbu. Mwaka 2010 mpango huo uliigonga dunia kichwani. Kati ya Mugumu na Loliondo barabara ingekatisha kaskazini mwa hifadhi, kipande cha kilomita 53, mahali hasa wanapopita nyumbu wakienda na kurudi Mara. Wanasayansi waliandika barua, wafadhili walitoa ahadi, na mwaka 2011 serikali ikaiambia UNESCO kwamba kipande hicho kitabaki cha changarawe. Shirika moja la Kenya la kutetea wanyama lilikuwa limekwenda Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, na Juni 2014 mahakama hiyo ikaamua kwamba kuweka lami ndani ya hifadhi ni kuvunja Mkataba wa Jumuiya.

Kwa maoni yangu mahakama iliamua sawa. Lakini soma tena mjadala ule uone ni nani waliokuwa wakizungumzwa. Ni nyumbu. Natta ilikuwa jina kwenye ramani, kituo kati ya vituo, wakati watu wake walikuwa na hoja ambayo haikuhitaji kugusa hifadhi hata kidogo: mjamzito anayetakiwa kufika hospitali Mugumu wakati wa masika, na pamba inayotakiwa kufika kwenye jineri kabla mvua haijailowesha. Lami ya upande huu, kutoka Makutano hadi Sanzate na kutoka Sanzate hadi Natta, haikukatazwa na mtu yeyote. Ilisubiri foleni tu, kama barabara nyingine za mikoani.

Sasa kunywa chai. Chapati na maharage hupatikana mapema, na ukibahatika utapata maziwa mgando. Usinunue nyama kavu kwa mtu usiyemjua, hata kama bei ni nzuri na harufu inavutia. Nyamapori huuzwa kihalali kwenye bucha zenye leseni, na nje ya hapo askari wa wanyamapori hawasikilizi kwamba wewe ni mgeni.

Baada ya chai nenda ofisi ya kijiji. Watu wa mjini huiruka hatua hii, na hapa si ya kurukwa. Kijiji kinapakana na mapori ya akiba. Mtu mgeni anayezurura vilimani na kamera anaweza kuwa mpelelezi machoni pa wenyeji na jangili machoni pa askari, yote kwa asubuhi moja. Saini kitabu cha wageni, eleza shida yako, omba uelekezwe kwa mzee anayejua habari za zamani. Ukifika kwake hutaanza na maswali. Utamwamkia, utakaa ulipoonyeshwa, utaulizwa unatoka wapi na kwenu ni akina nani. Mzee mmoja aliwahi kunisikiliza nikieleza kwamba nimekuja kutembea tu, akanitazama viatu.

"Mwanangu, kutembea au kutazama?"

"Vyote, mzee."

"Basi tupande kabla jua halijawa kali."

Vilima vya huku si virefu. Ni mawe makubwa yaliyorundikana, migunga ikichomoza katikati, na njia za mbuzi zinazokufikisha juu bila shida. Ukiwa juu utaelewa kwa nini nimekuambia umtafute mzee. Macho yako yataona nyika: manjano wakati wa kiangazi, kijani kibichi baada ya mvua, vichaka vikifuata mikondo ya maji kuelekea Mto Grumeti. Yeye ataona majina. Pale palikuwa na makazi ya babu wa fulani. Kilima kile kina msambwa, mahali pa mizimu ya mababu, na wakati wa ukame wazee walipanda kuomba mvua. Chemchemi ile haikauki, na kuna namna ya kuikaribia. Mti ule haukatwi.

Wanatta ni watu wachache, majirani na ndugu wa Waikoma na Waisenye kiasi kwamba wanaisimu huzitaja lugha zao kwa pamoja kama lugha moja yenye lahaja tatu. Simulizi yao ya asili ni ya ndoa. Mwanamume wa kwanza, Nyamunywa, alikuwa mwindaji. Mwanamke wa kwanza, Nyasigonko, alikuwa mkulima. Mmoja alikuwa na nyama, mwingine alikuwa na nafaka. Wakakutana, wakala pamoja, wakabaki pamoja. Mwanahistoria Mmarekani Jan Bender Shetler, aliyewasikiliza wazee wa ukanda huu na mwaka 2007 akatoa kitabu kiitwacho Imagining Serengeti, aliona kwamba masimulizi ya namna hii hubeba ramani ndani yake: nani aliishi wapi, alikula nini, alivuka maji gani. Ukiisikia hadithi hiyo ukiwa juu ya kilima, huku bonde la mashamba likiwa upande mmoja na nyika ya wanyama upande wa pili, huhitaji maelezo zaidi.

Mwulize mzee pia habari za saiga. Ni rika, watu waliotahiriwa pamoja na kukua pamoja, na zamani saiga ndiyo iliyolinda nchi. Mwishoni mwa karne ya 19, Wamaasai walipozidi kuvamia kutoka mashariki, Wanatta, Waikoma na Waisenye waligawanya ardhi yao kwa makundi ya rika: Busaai, Bongirate na Borumarancha. Mnatta wa Busaai akawa na wenzake wa Busaai kwa Waikoma na kwa Waisenye, akakimbilia kwao akishambuliwa, nao wakakimbilia kwake. Kwa nchi isiyokuwa na mfalme wala jeshi, huo ulikuwa mpango wa akili nyingi sana.

Na walikuwa wafanyabiashara. Hilo huwashangaza wanaodhani mwindaji ni mtu wa kujaza tumbo tu. Wasukuma walizitaka sana singa za mikia ya nyumbu kwa ajili ya bangili, na Wanatta na jirani zao walikuwa na nyumbu. Mikia ilikwenda kusini, mifugo ikarudi kaskazini, na waliokuwa mafukara baada ya njaa wakajenga mazizi upya. Nyumbu ambaye leo mtalii hulipa dola kumwona akivuka mto alikuwa akilipa mahari hapa kabla hajawahi kupigwa picha.

Njaa hiyo inahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo ufunguo wa kila kitu unachokitazama kutoka kilimani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia. Ni ugonjwa wa virusi wa ng'ombe uliofika Afrika Mashariki kutoka kaskazini, na ulipopita haukuchagua: uliua ng'ombe wa Mmaasai na wa Mtatoga, uliua nyati, uliua nyumbu. Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alivuka kutoka Ngorongoro kuelekea Ziwa Victoria na kukuta Wamaasai wakifa njaa kandokando ya njia yake. Ndui ilifuata. Huku magharibi watu waliokuwa wamechoshwa na uvamizi waliyaacha makazi yao. Waisenye bado husimulia walivyohama Nyeberekera, ambayo sasa imo ndani ya hifadhi. Wengine walikimbilia Usukuma.

Nchi ikiachwa hubadilika haraka. Hakukuwa na wa kuchoma nyasi kwa majira yake, hakukuwa na ng'ombe wa kuzila, na vichaka vikafunga. Vichaka vikaleta mbung'o, mbung'o wakaleta malale, na malale yakawazuia waliotaka kurudi. Wazungu waliokuja na kalamu na dira baada ya hapo waliikuta nchi ikiwa mgonjwa aliyelala kitandani, wakaandika kwamba ndivyo alivyozaliwa. Pori. Tupu. Halina mwenyewe. Maneno hayo yaliingia kwenye mafaili ya serikali ya Kijerumani, yakarithiwa na Waingereza, na mwaka 1951 yakazaa hifadhi ya taifa.

Sehemu ya pili ya habari hii ndiyo ninayoipenda zaidi, na sijamsikia mwongoza watalii hata mmoja akiisimulia. Hesabu ya mwaka 1961 ilikuta Serengeti nzima ina nyumbu wasiofika laki tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja na laki mbili. Mvua nzuri za kiangazi zilisaidia, lakini jambo kubwa lilifanyika zizini: ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walichanjwa sotoka. Virusi vilipokosa ng'ombe wa kukaa ndani yake, vilipotea kwa nyumbu pia, na ndama wakaanza kufikia utu uzima. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa. Kwa hiyo msafara wa nyumbu unaotangazwa kama maajabu ya asili isiyoguswa na binadamu umetokana, kwa sehemu kubwa, na sindano iliyochomwa ng'ombe wa wafugaji. Mfugaji wa Natta ambaye babu yake alipanga foleni na mifugo yake kwenye kituo cha chanjo ana hisa katika kila nyumbu anayevuka Grumeti.

Ana hisa, lakini gawio ni dogo. Mzee atakuonyesha mpaka kwa kidole. Upande ule ni Pori la Akiba la Grumeti, ambalo pamoja na Ikorongo lilitangazwa mwaka 1994. Eneo hilo lilichukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mwekezaji Mmarekani Paul Tudor Jones, na kwenye kilima cha Sasakwa kuna hoteli ambayo bei yake ya usiku mmoja huzidi mshahara wa miezi kadhaa wa mwalimu wa shule ya msingi. Lazima nikiri upande wa pili: wanyama waliokuwa wamemalizwa na mitego ya waya wamerudi kwa wingi, vijana wengi wa vijiji hivi wameajiriwa, na kuna wanafunzi waliosomeshwa kwa fedha za mfuko wa wawekezaji hao. Anayesema hakuna faida yoyote anasema uongo. Lakini baadhi ya misambwa imebaki ng'ambo ya mpaka, na mjukuu wa aliyeombea mvua pale sasa anahitaji kibali ili afike.

Jaribio la kugawana vizuri zaidi lipo, na jina lake limeunganishwa kutoka Ikoma na Natta: Ikona. Ni jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, matunda ya Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998, ambamo vijiji vitano vya Robanda, Nyichoka, Nyakitono, Makundusi na Natta Mbiso vimetenga ardhi yao na kuikodisha kwa makampuni ya utalii. Fedha zikigawanywa, kijiji hupata fungu lake na kujenga darasa au zahanati. Kwenye vitabu vya uhifadhi Ikona hutajwa mara nyingi miongoni mwa jumuiya zinazoingiza mapato makubwa nchini. Ukikaa na wanakijiji utasikia pia hesabu nyingine. Tembo hawajui mpaka uko wapi. Wanakuja usiku mtama ukikaribia kukomaa, na kazi ya msimu mzima inakwisha kabla hakujapambazuka. Watu hulala shambani na tochi na madebe ya kupiga, hutundika kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, wengine huzungushia mizinga ya nyuki. Serikali hutoa kifuta machozi, na jina hilo linaeleza vya kutosha ukubwa wake.

Shuka kilimani sasa, jua limepanda. Pitia mashambani: mahindi, mtama, mihogo, alizeti, pamba kwa msimu wake. Nyumba zimejipanga kando ya barabara, na hilo nalo lina tarehe. Zamani watu waliishi kwa kutawanyika, kila mji na zizi lake. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwakusanya na kuwapanga kwa mistari. Ukiona kiwanja kilichonyooka kama kimepimwa kwa rula, kilipimwa.

Watu watakutajia Fort Ikoma, boma walilojenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 juu ya kilima, kuelekea lango. Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Heinrich Naumann kilipigana hapo na askari wa Kibelgiji waliotoka Kongo. Ndilo jengo la kale ambalo vitabu vya watalii hulitaja, kwa kuwa vitabu hivyo vimezoea mawe yaliyopangwa. Kama una saa chache tu, liache. Wajerumani walikaa humo miaka isiyofika ishirini. Waikoma wana pembe za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo kwa masimulizi yao walizipata kwa mganga wa Kitatoga na ambazo zimewaunganisha kama kabila kwa muda mrefu zaidi ya boma hilo. Hutazionyeshwa, na usiombe. Kuzisikia kwa mdomo wa mwenyewe kunatosha.

Mchana kula kwa mama ntilie: ugali wa mtama uliochanganywa na mihogo, mweusi na mzito, pamoja na sato aliyetoka ziwani au mbuzi wa kuchemsha. Mwalike mzee. Ukimlipa, mlipe waziwazi na kwa heshima, kama unavyomlipa mwongoza wageni wa kule ndani ya hifadhi, kwani kazi aliyokufanyia ni ile ile na hakuwa na gari la kuifanyia. Usimwachie noti mkononi kwa siri kana kwamba ni sadaka.

Lango la Ikoma hufungwa saa 12 jioni. Anayelala Bunda au Mugumu na kufika Natta saa 2 asubuhi anaweza kwenda ofisi ya kijiji, kupanda kilima, kula, na bado akaingia Serengeti jua likiwa juu na wanyama wakiwa pale pale walipo siku zote. Enyi waandaaji wa safari wa Mwanza na Arusha, iandikeni Natta kwenye ratiba zenu, na kwenye bei ya safari wekeni kabisa ada ya kijiji na malipo ya mzee.